Vina vya Neno "Mama": Mke wa Kiongozi katika Tungo Zetu

Miaka zaidi ya ishirini iliyopita niliombwa nitunge shairi la kumlaki mke wa kiongozi mmoja wa ngazi ya juu, aliyekuwa akitarajiwa kupita kijijini kwetu Madimba, katika pwani ya Mtwara, upande wa kuelekea mlango wa mto Ruvuma. Nililitunga kwa usiku mmoja. Watoto wa shule wakalighani chini ya mkorosho, mgeni akatabasamu, nami nikapigiwa makofi. Ubeti wa kwanza nauweka hapa, si kwa kujisifu, bali kwa sababu mhakiki anayetaka kuzinyoshea kidole tungo za wenziwe ni haki aanze na zake:

Karibu kwetu e Mama, mwenye taji na upeo,
Nuru yako ya huruma, yatufikia na leo,
Wewe kisima cha wema, kwa wanyonge tegemeo,
Mama yetu, njoo Mama, mleta maendeleo.

Mizani ni minane kwa minane. Kina cha kati ni "ma", cha mwisho ni "o". Mkaguzi wa fani hana pa kunishika. Lakini kila mtungaji wa pwani anajua kwamba neno la kwanza kuketi kwenye ukwapi ndilo linalowaita wenzake. Mimi nililiketisha neno "Mama", nalo likaniitia huruma na wema. Ningeendelea beti kumi, lingeniitia heshima, hekima na neema. Wala si kwamba Kiswahili kimekosa maneno mengine ya kina hicho. Kipo chama. Ipo dhima, na lawama, na dhuluma. Lipo neno nyuma, ambalo kwa mtu anayesemwa kuwa nyuma ya kiongozi lingefaa kuliko yote. Vipo vitenzi sema na pima. Yote hayo yalikuwa mlangoni yakibisha, nami sikuyafungulia.

Siku ile ratiba ilikuwa na nafasi ya risala ya akina mama wa kijiji. Waliiandaa kwa majuma mawili, na ndani yake walikuwa na maswali yao kuhusu uzazi na umbali wa huduma. Msafara ulichelewa, muda ukapungua, risala ikaondolewa. Shairi likabaki, kwa kuwa lilikuwa fupi na tamu. Jioni, mkunga mmoja mzee, ambaye ndiye aliyekuwa aisome ile risala, alinikuta njiani akaniambia: "Mwanangu, umemwita yule kisima. Mbona hukutuachia kata tukateka?"

Nimeishi na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyoishi na shairi lenyewe. Madimba siku hizi inatajwa kwa mitambo ya kusafisha gesi iliyozinduliwa mwaka 2015. Wakati ule ilijulikana kwa korosho na nazi, tena kwa wachache. Mgeni wa namna ile haji mara mbili. Na nikisema leo kwamba tungo zetu za kumsifu mke wa kiongozi zina kasoro, kasoro ninayoikusudia ni hiyo aliyoiona mkunga: zinamtaja mtu mwenye nguvu kwa jina linalowazuia wengine kuiuliza nguvu hiyo.

Kwamba nguvu ipo, sidhani msomaji anahitaji kushawishiwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 haimpi mke wa Rais cheo chochote, na hata hivyo hakuna mkuu wa mkoa anayeweza kuipokea ziara yake kama ziara ya mtu binafsi. Wasomaji wa visiwani wana ushahidi wa zamani zaidi wa jambo hili. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo akamchora Bibi Azza binti Seif, mke mkuu wa baba yake: mwanamke mdogo wa umbo, asiye na uzuri wa kutajika, lakini mwenye uwezo mkubwa juu ya mumewe, kiasi kwamba Seyyid aliyafuata mapenzi yake kwa hiari. Salme alikuwa binti wa suria. Hakuwa na deni la fadhila kwa Bibi Azza, wala hakumpenda. Kwa sababu hiyo jicho lake liliona. Sina hakika kama malenga yeyote aliyekuwa akilipwa na jumba lile angeandika vile.

Bara nako historia imetoa sura mbalimbali. Mama Maria Nyerere alikuwa mwalimu, na mumewe alipoacha kazi ya ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, yeye aliendesha duka dogo Dar es Salaam ili nyumba ipate kula. Huo ni mchango wa kisiasa, tena mzito, ingawa haukuwa na jukwaa. Mama Anna Mkapa, ambaye mumewe alikuwa mtu wa Lupaso, Masasi, katika mkoa wetu huu, alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997. Baada yake akaja Mama Salma Kikwete, binti wa Lindi, mwalimu wa miaka mingi, aliyeanzisha taasisi ya Wanawake na Maendeleo, yaani WAMA, mwaka 2006. Shule ya wasichana ya WAMA-Nakayama huko Nyamisati, Rufiji, ni tunda la kazi hiyo, na mwenye kuibeza shule ya wasichana yatima hana hoja ya kunishirikisha mimi.

Mke wa Rais kujenga shule ni jambo jema. Linalonikera ni lugha tuliyomvika. Nimesoma magazetini na kusikia kwenye hafla tungo nyingi za kuwasifu wake wa marais, na katika hizo nilizozipata sijakutana na hata moja inayouliza: aliyetoa mchango wake kwenye taasisi ya Mama, alitoa kwa ajili ya watoto au kwa ajili ya nyumba anamokaa Mama? Mfanyabiashara anajua tofauti hiyo. Mkunga wa Madimba anaijua. Malenga, ambaye kazi yake ni kupima maneno, ndiye peke yake anayejifanya haijui.

Ni kweli kwamba kwa sisi watu wa kusini neno lenyewe lina uzito mwingine. Wamakonde, Wamakua na Wamwera kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mama wa hesabu hiyo si kisima cha huruma tu. Ndiye asili ya ukoo, na kwa jina lake mashamba hugawiwa na kugombewa. Mama wa namna hiyo huulizwa maswali, tena makali, na kaka zake wakiwapo. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba nilifuata mila za kwetu nilipoandika ule ubeti. Niliyemfuata ni mama wa kwenye kadi za mwaliko.

Jambo la ajabu lilitokea baadaye. Mwaka 2017 Rais Magufuli alimteua Mama Salma kuwa mbunge, na mwaka 2020 akawa mbunge wa jimbo la Mchinga, kwao Lindi. Ushawishi uliokuwa ukitembea bila jina ukapata jina, kiti na kumbukumbu rasmi za Bunge. Sasa mtu wa Mchinga angeweza kumnyima kura, au kumdai barabara. Kwa upande wa uhakiki hiyo ilikuwa fursa kubwa: mtungaji angeweza kumwandikia shairi la hoja, kama Waswahili walivyojibizana kwa beti tangu enzi za Muyaka. (Uganda nako Janet Museveni aliingia bungeni mwaka 2006, akapewa Wizara ya Elimu mwaka 2016, lakini huko mume alikuwa bado yuko Ikulu, na nyumba na baraza vikawa mlango mmoja, hilo ni shauri jingine.) Watungaji wetu hawakuitumia fursa. Waliendelea na kisima na nuru.

Halafu ukaja mwaka 2021, Samia Suluhu Hassan, mwana wa Unguja, akaapishwa kuwa Rais, na neno "Mama" likahama siku ileile. Lilimwacha mke wa Rais, likaenda kwa Rais mwenyewe, pamoja na taji lake, upeo wake na maendeleo yake. Nilizitazama tungo za miezi ile nikazifahamu kama mtu anavyoifahamu kanzu yake ikiwa imevaliwa na mwingine. Beti zilikuwa zilezile. Mume wake hakuitwa Baba. Hakuitwa chochote, na magazeti yakahangaika hata kupata neno la kumtaja. Siku hizi huandikwa "mwenza wa Rais". Ni neno la adabu, ingawa masikio ya pwani, yaliyozoea kusikia "mke mwenza", hulipokea kwa kucheka kidogo. Kuhama huko kulinionyesha kwamba hatukuwa tukimwimbia mwanamke yeyote. Tulikuwa tukikiimbia kiti, na aliyekuwa karibu nacho ndiye aliyepata wimbo.

Hapa inanibidi nivuke mto, kwa kuwa shairi lililonifundisha haya liko ng'ambo. Kireno nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha shule cha kuazima na kwa vinywa vya watu waliovuka Ruvuma wakaja kuishi kwetu. Miongoni mwa mambo ya kwanza niliyojaribu kuyatafsiri ni ombolezo ambalo Samora Machel alimtungia mkewe Josina.

Josina alizaliwa Vilanculos mwaka 1945. Alijaribu kutoroka utawala wa Wareno, akakamatwa Rhodesia, akarudishwa na kutiwa ndani. Akatoroka tena, na mwaka 1965 akafika Dar es Salaam. Alifanya kazi katika Taasisi ya Msumbiji, iliyokuwa ikiongozwa na Janet Mondlane, Mmarekani, mke wa Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO. (Janet naye anastahili makala yake. Alikuwa hodari wa kutafuta fedha za taasisi ile, na wapinzani wa mumewe ndani ya chama walimfanya yeye kuwa fimbo ya kumpigia mumewe.) Mwaka 1967 Josina alipata mafunzo ya kijeshi Nachingwea, mwendo wa siku moja kutoka kwetu, pamoja na wasichana wa mwanzo wa Kikosi cha Wanawake. Julai 1968 alikuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO, akatetea ushiriki kamili wa wanawake. Mwaka 1969 alipewa idara ya Mambo ya Jamii, iliyokuwa na dhamana ya watoto na mayatima wa vita. Mwezi Mei wa mwaka huo akaolewa na Samora huko Tunduru. Mumewe akawa rais wa FRELIMO mwaka 1970. Tarehe 7 Aprili 1971 Josina akafia Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 25.

Msomaji atazame mpangilio wa tarehe hizo. Nafasi ya mke wa kiongozi mkuu Josina aliishika kwa muda usiotimia mwaka mmoja. Uzito wake wa kisiasa ulitangulia ndoa, nao hakuutoa kwa mtu. Katika hilo anafanana na Bibi Titi Mohamed wetu, ambaye hakuwa mke wa rais yeyote. Nguvu yake aliitoa kwenye ngoma za lelemama na kwenye koo lake mwenyewe.

Ombolezo la Samora halina vina. Linajengwa juu ya kukanusha kifo, na kila kipande kinaleta sababu mpya ya kukanusha. Mtungaji anazihesabu zana alizoziacha marehemu, silaha na mkoba wa safari, na kusema kwamba sasa ni sehemu ya mzigo wake yeye. Anataka kuufanya ukumbusho wake kuwa jembe. Anazitaja nasaba alizokuwa nazo kwake, dada, rafiki, mpiganaji mwenzake, na anaziweka juu ya uke. Umama hauzitangulii nasaba hizo, ingawa walikuwa wamepata mtoto wa kiume Novemba 1969. Nilipolisoma mara ya kwanza nilishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Kumbe mke wa kiongozi aweza kusemwa kwa alichokibeba! Jembe, kwa sisi wakulima wa mikorosho na mihogo, ni kitu unachoweza kukiuliza: lina makali, halina makali? Kisima cha wema hakiulizwi.

Kutafsiri kulinikwamisha mahali pamoja padogo. Kitenzi cha kufa, kilichokanushwa, Kireno kinakiweka katika wakati uliopita na kuridhika. Kiswahili kilinitaka nichague: "hukufa" au "hujafa"? "Hukufa" ni kauli ya kishujaa, inalifunga shauri. "Hujafa" inaacha mlango wazi. Ni kusema kwamba mpaka sasa bado, lakini kesho haijulikani. Nilichagua "hujafa", nami najua wako watakaonilaumu. Lakini hoja ya shairi lenyewe ni kwamba Josina yu hai kwa sababu wapo walioupokea mzigo wake. Basi wakiutua, itakuwaje? Neno "hujafa" linawashika shati hao waliobaki. Kwa muda wa miaka kumi na mmoja, tangu uhuru wa mwaka 1975, Samora mwenyewe alikuwa wa kwanza kati yao.

Hata hivyo, nilivyozidi kulizoea shairi hili ndivyo mapenzi yangu yalivyochanganyika na shaka. Sitiari zake nyingi ni za shamba: damu inarutubisha ardhi, maua yanaanguka ili mengine yachanue, mtu anakuwa bendera. Ni picha nzuri, lakini katika zote Josina ni mbolea. Na lipo jambo jingine, ambalo sikuliona mpaka nilipokuwa nikisahihisha nakala ya tatu. Katika shairi zima marehemu anapewa kusema mara moja tu, nayo ni pale mtungaji anapokumbuka kwamba katika saa zake za mwisho aliwaomba radhi madaktari kwa kuwa hakuweza kuwasaidia. Mwanamke aliyesimama mbele ya mkutano mkuu akadai haki ya wenziwe, humu anasikika akiomba radhi. Mume alimpenda, hilo halina ubishi, na mstari wenyewe unauma. Lakini ni mume anayesema, tena ni kiongozi, na mpaka leo tarehe 7 Aprili ni Siku ya Wanawake wa Msumbiji, siku ya mwanamke inayoangukia tarehe ya kufa kwake.

Niliisoma tafsiri hiyo kwa akina mama wa Madimba, chini ya mkorosho uleule au nduguye. Mkunga wangu alikuwa amekwisha kufariki. Walisikiliza kwa utulivu, na kwenye jembe wakaitikia. Nilipomaliza, binti mmoja akauliza: "Na yeye mwenyewe aliandika nini?" Nikamjibu kwamba aliandika, kwamba katika jarida la FRELIMO liitwalo Mozambique Revolution yamo maneno yake juu ya nafasi ya mwanamke katika mapambano. "Basi tusomee hayo," akasema. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimetafsiri maneno ya mume.

Njiani kurudi nilimfikiria Mwana Kupona binti Mshamu. Tumemsoma shuleni na majumbani kama mwalimu wa utii wa mke, na wahakiki wa zama zetu wamemkaripia kwa hilo. Ni wachache wanaokumbuka alikuwa mke wa nani. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyempinga kwa silaha Seyyid Said, huyohuyo mume wa Bibi Azza. Mataka alikufa mwaka 1856, na miaka kama miwili baadaye mjane wake, akiwa mgonjwa, akamwandikia binti yao utendi wa beti zaidi ya mia moja. Mji ulikuwa katika hatari na dola ya Unguja ilikuwa haijasahau. Somo la kuchunga ulimi, kukaa na watu wa kila daraja, na kulinda heshima ya nyumba linasikika tofauti likitoka kwa mjane wa muasi. Sidai kwamba utendi ule ni waraka wa siasa uliofichwa. Huko ni kuulazimisha. Nasema tu kwamba ndani yake mke wa mtawala ndiye anayesema, anaisimulia ndoa yake kwa ulimi wake, na mume ndiye aliyenyamaza. Hakumngoja malenga wa kumkaribisha.

Kama ningeulizwa nini kifanywe na jarida kama hili, ningeomba mambo mawili. Kwanza, shairi lolote la kumsifu mke au mume wa kiongozi litakaloletwa liulizwe swali la mkunga kabla halijaulizwa mizani. Pili, wenye uwezo watafute alichoandika Josina wakitie katika Kiswahili. Niko tayari kukifanya mimi, nikipata nakala safi.

Wakati huo huo nimeurudia ubeti wangu wa zamani. Nimebakisha bahari ileile na kina kilekile cha kati, nimebadili wageni. Mshororo wa kwanza umekaa na dhima, wa pili na pima, wa tatu na lawama. Wa nne, ambao ndio kibwagizo, ulikuwa wa mgeni. Sasa nautaka uwe wa yule mkunga, aseme alichokuja nacho kwenye risala. Nimeuandika mara sita, na kila mara sauti inayotoka ni yangu.